Nilizima Mashine ya Vifaranga, Lawama Ikamwendea Mama wa Watu

Makosa ni yangu, usinitafutie sababu. Mke wangu hakunikosea, wala yule mama wa Malinya. Ni mimi na ubahili wangu.

Tunaishi Lurambi. Mke wangu ni fundi wa nguo mjini, mimi nauza vifaa vya ujenzi. Nyumbani, kazi yangu ni kuchomoa waya. Nikitoka chumbani nazima taa, hata kama wewe bado unasoma humo ndani. Tokeni za umeme zikiisha kabla ya mwezi kwisha, chakula hakipiti kooni.

Mwaka huu mke wangu alinunua mashine ndogo ya kuangua vifaranga, akaiweka stoo. Mayai alichukua kwa rafiki yake, Mama Ayuma, anayefuga kuku wa kienyeji kule Malinya. Hao wawili wako chama kimoja cha akina mama, cha kuweka akiba. Ukimwona mmoja sokoni, ujue mwingine hayuko mbali.

"Hii kitu isizimwe," mke wangu aliniambia. "Hata ukisikia mita inalia."

Nikasema sawa. Lakini asubuhi yeye hutangulia kutoka, na mimi nilisimama stoo nikiiangalia ile taa nyekundu, roho ikaniuma. Nikajiambia, kuku mwenyewe si huacha mayai akaenda kutafuta chakula? Nikachomoa. Nikaifunika mashine kwa blanketi, maana mimi si mtu mbaya. Jioni nilikuwa nafika kabla yake, narudisha waya, natoa blanketi. Ikawa hivyo kila siku hadi muda wa kuangua ukafika.

Siku hiyo mke wangu hakufungua duka lake la kushonea. Alikaa kwa stuli kando ya mashine tangu asubuhi. Hakuna kilichotoboa ganda. Kesho yake pia hakuna. Alipovunja yai moja, tulifungua madirisha yote.

Akampigia Mama Ayuma nikiwa hapo hapo.

"Umeniuzia mayai ya kuku wasio na jogoo," akamwambia.

Nilisikia yule mama akijitetea, kisha simu ikakatwa. Mimi nikaendelea kunywa chai. Hapo ndipo nilipokosea kuliko hata kule stoo.

Maneno yakafika kwa chama. Wanawake waliotaka kununua mayai kwa Mama Ayuma wakaenda kwingine. Mimi nikaendelea kuuza vifaa vyangu.

Jumamosi moja tukasikia pikipiki imesimama mlangoni. Mama Ayuma akaingia bila kubisha, amebeba jogoo mwekundu kwapani, jogoo wa kutisha. Akamweka juu ya meza yetu.

"Huyu ndio bwana ya kuku zangu," akasema. "Mwangalieni. Mimi nauzanga mayai tangu watoto wangu wakiwa wadogo, na sijadanganya mtu."

Nilidhani amekuja kugombana, kumbe machozi yalikuwa yanamlengalenga. Mke wangu akaangalia chini. Jogoo naye ananiangalia mimi tu.

"Mama Ayuma," nikasema, "jogoo hana makosa. Ni mimi nilikuwa nazima mashine."

Nikaeleza yote, hata la blanketi.

"Blanketi gani?" mke wangu akauliza. "Lile letu la kitandani?"

Nikasema ndiyo. Akainuka, akaenda kulitoa kitandani.

Mama Ayuma ndiye aliyeanza kucheka, akacheka hadi akatafuta kiti. Alipomaliza akapangusa macho, akanigeukia.

"Shemeji, jina langu umelichafua. Utaenda kulisafisha wewe mwenyewe."

Nilisimama mbele ya chama kizima nikasema nilichofanya. Wateja wake wamerudi, mmoja mmoja. Mimi nikipita sokoni wale akina mama bado wananisalimia kwa kuniuliza kama nimeangua.

Mashine ilihamia Malinya, kwa Mama Ayuma. Mke wangu anashinda huko kila wikendi na kurudi jioni ameshiba, wala haulizi kama nimekula. Tokeni sasa zinakaa vizuri kabisa. Nyumba pia imetulia, imetulia kupita kiasi.

Wewe unayezimazima vitu vya wenzako na kujiita mwangalifu wa pesa, uliza kwanza kitu hicho kinamfanyia nani kazi. Na ukishaharibu, sema siku hiyo hiyo, wakati kilichooza bado ni mayai tu.