Fuvu Ndani ya Mfuko wa Biblia

Riwaya ninazozipenda ni zile za nyumba za watawa. Kuna mlima, kuna ukungu, kuna mtawa anayekitamani kiti cha mkuu wa nyumba, na kabla hujafika mbali mkuu wa nyumba amekutwa kisimani. Wengine husoma ili wajue nani kaua. Mimi huwa nimeshajua: ni yule anayesali kwa sauti. Raha yangu ni kumtazama anavyojipanga, siku hadi siku, huku akimshukuru Mungu kwa kila hatua. Watu wema vitabuni hunichosha.

Ya kwanza niliazimwa na mwenzangu wa ofisini kwetu, mtaa wa Kacyiru, aliyekulia Tanzania kama mimi. Tulikaa meza moja na mchana tulikula sahani moja. Yeye ndiye aliyeijua kazi. Mimi nilijua kuvaa. Tatizo lilikuwa jalada, maana lilikuwa na fuvu la mtu, na mkurugenzi wetu ndiye aliyeongoza maombi ya kila Jumatano saa ya mapumziko. Nikaenda mtaa wa Nyamirambo kwa fundi cherehani mmoja, mzee wa Kiislamu anayeshona mifuko ya Biblia yenye zipu, ile ambayo kila mlokole wa mji huu anayo kwapani.

Mzee akakipima kitabu, akakigeuza, akalitazama fuvu.

"Mama, hii Biblia yenu iko na mtu amekufa?"

"Ni ya zamani, mzee."

"Basi nitaweka na musalaba juu. Musalaba haina shida."

Akautia msalaba wa uzi wa dhahabu. Mungu amsamehe yeye. Mimi bado sijaomba.

Basi kila mchana, tukishamaliza kula, nafungua zipu, nainama. Siku mtawa alipomtilia sumu mwalimu wake mwenyewe, machozi yalinitoka, na mkurugenzi akapita mlangoni, akaniona. Akaondoka kwa kunyata. Jumatano iliyofuata niliombwa kufungua maombi. Niliyafungua vizuri mno, kwa kuwa nilikuwa nimefundishwa na mabingwa.

Kisha kiti cha mkuu wa kitengo kikawa wazi. Kilikuwa cha mwenzangu, hilo halikuhitaji kikao. Alikuwa amekisubiri miaka, na mimi nilikitaka kwa wiki tatu hivi, lakini nilikitaka sana. Mkurugenzi akatuita wote wawili. Akamuuliza yeye, mbele yangu, kama ni kweli mimi ni mtu wa Neno. Mfuko ulikuwa mapajani mwangu na kitabu kilichokuwa ndani kilikuwa chake. Angesema neno moja tu, ningekwisha. Au neno hilo ningelisema mimi mwenyewe.

"Anasoma kila siku," akajibu. "Hajawahi kukosa."

Hakusema uongo. Nami nikainamisha kichwa kwa aibu, mkurugenzi akaona unyenyekevu. Jumatatu nikakabidhiwa ofisi yenye mlango wake. Niliona haya kweli, na nilifurahi kweli, na furaha ndiyo iliyotangulia.

Mwenzangu akaja kunipongeza. Kisha akaomba kitabu chake. Nilikuwa nimebakiza sura moja. Nikafungua zipu, nikampa, nikamsihi angalau anieleze mwisho: yule mtawa alikamatwa?

"Hapana, mkuu," akasema. Mpaka siku ile alikuwa akiniita dada. "Walimpa kiti. Akaishi miaka mingi. Ila hakuna aliyekula naye tena."

Akaufunga mlango taratibu. Siku hizi mfuko ule una Biblia ya kweli ndani yake. Mchana nakula humu humu, mlango umefungwa, na kule nje wanaambizana wasinisumbue, nasali.