Miti Sita Iliyolelewa Pamoja

Kila wiki mtandaoni namwona mtu kapiga picha na mche nyumbani kwake kupya, kaandika "ndoto imetimia". Hongera. Mimi nimeona ndoto ikitimia mpaka ikaziba dirisha.

Shangazi yangu anafua na kupiga pasi shuka za hospitali. Chumba chenyewe kiko chini ya jengo, mvuke mtupu, hakuna hata tundu la kutolea pua. Miaka kumi na moja yuko humo. Na zaidi ya nusu ya miaka hiyo alikuwa mpangaji. Nyumba nne, wenye nyumba wanne, sheria moja: usipigilie msumari, usichimbe. Akawa anapanda kwenye ndoo za rangi. Akila chungwa, mbegu kwenye ndoo. Akila parachichi, kokwa kwenye ndoo. Wakihama yeye na mumewe, mkokoteni wa kwanza ni wa miti, godoro litajijua. Mwenye nyumba mmoja alimuuliza kama amempangisha yeye au msitu. Mtaani wakambandika jina: Mama Ndoo.

Hatimaye wakajenga. Vyumba viwili, sebule, na uwanja wa nyuma unaotosha kugeuzia toroli. Siku ya kuhamia mapazia bado yako kwenye mfuko, yeye yuko nyuma na jembe, peku, anachimba huku anacheka peke yake. Sijawahi kumwona hivyo, kabla wala baada. Alikuwa anachimba na hakuna wa kumuuliza.

Na kosa likafanyika saa ileile. Aliipanda yote sita chini ya dirisha kwa mpangilio wa ndoo, bega kwa bega. Mumewe ni fundi bomba, mtu asiyemaliza sentensi kama haina kazi. Alimwambia aipe nafasi. Shangazi akamjibu kwamba hao wamelelewa pamoja, akiwatenganisha watanuna.

Miaka minne baadaye hawajanuna, wamekabana makoo. Mpera umekondeana, mchungwa umepinda kutafuta jua, na parachichi limepita bati limewafunika wote. Tunda hakuna, hata la dawa. Sebuleni wanawasha taa saa sita mchana. Shangazi anatoka shimoni kazini, anaingia shimoni nyumbani. Muuza miche aliitwa, akazunguka mara moja, akasema abakize mmoja tu. "Vinginevyo mama, mtakula kivuli."

Mwaka mzima hakukata. Kila asubuhi kabla ya zamu anapita kuishika mmoja mmoja, halafu anakwenda kazini kanuna. Nikachoka. Nikamwambia, shangazi, hiyo ni miti tu. Akaniambia nitaongea siku nikiwa na kitu changu ambacho hakuna mtu anaweza kuniambia nikihamishe.

Mwishoni akaamua lianze parachichi, kwa kuwa ndilo jeuri. Likiondoka huenda wengine watapumua. Siku yake ya mapumziko, mumewe akashika ngazi, mimi nikashika kamba. Yeye akapanda na msumeno, hakutaka mtu mwingine aukate.

Tukasubiri. Msumeno hausikiki. Kamba inanichoma mikono, nikaanza kulalamika.

"Kuna vitu huku," akasema.

Mumewe akauliza vitu gani.

"Viparachichi. Kama ncha ya kidole. Vimejaa." Sauti yake ilikuwa inacheka. Halafu ikaacha. "Kwa hiyo huu haukatwi."

"Basi shuka."

"Nikishuka, wale watano ndio wanakwenda."

"Ndiyo."

"Hauwezi kuvumiliana na wenzake?"

"Mke wangu, miaka mitano haujawavumilia. Leo umeshiba, ndiyo uanze?"

Akabaki kule juu. Alichokililia tangu enzi za ndoo alikuwa kakishika mkononi, na hakuwa na pa kwenda nacho. Mumewe hakuachia ngazi wala hakumharakisha.

Aliposhuka hakutupa msumeno. Akaenda kwenye mpera, mkongwe wao, wa nyumba ya kwanza ya kupanga. Akapiga magoti, akatuambia tuingie ndani.

Tukakaa sebuleni tunasikiliza. Msumeno ulikwenda, ukanyamaza, ukakwenda. Ulipokata wa nne mumewe akampelekea maji. Nilimsikia akimwambia apumzike, huo wa mwisho kesho ipo.

Shangazi akasema kesho ana zamu ya asubuhi, na akilala na huu mmoja ataamka hawezi. Akamrudishia kikombe, akamwomba aushike mti upande wa pili usije ukalidondokea parachichi.