Foleni ya Maktaba

Viti vya maktaba ya chuo kikuu nilivichonga mie, na hakuna msomi aliyewahi kuanguka. Juzi nilipeleka vingine, nikakuta foleni ya wanafunzi mpaka mlangoni. Mama mmoja wa Kimara, kikapu mkononi, naye kajipanga. Siku hizi za uhaba ukiona foleni unajipanga kwanza, unauliza baadaye.

"Nipimie sukari mwanangu, wakwe wanakuja leo," akamwambia karani zamu yake ilipofika.

"Shikamoo mama. Hapa tunaazimisha vitabu tu."

Mama akakitazama kikapu kitupu, akaigeukia foleni yote aliyoipanga. "Basi nipe hicho kinene. Wakwe wakinikuta nasoma, wataona haya kuuliza chai."

Karani akamnyima, eti hana kitambulisho. Ila mie wazo nililidaka. Jana nilipokea wageni na gazeti usoni, na sukari yangu haijapungua hata kijiko.