Wimbo Nilioutungia Wodini

Mimi si mtunzi wa nyimbo. Kazi yangu ni kuosha na kuvalisha wagonjwa katika hospitali moja upande wa Woluwe, hapa Brussels. Muziki wangu ulikuwa wa Jumapili tu, katika kwaya ya Wakongomani wenzangu, sauti ya pili, safu ya nyuma kabisa.

Mwaka ule maman anayetuongoza alitangaza mazoezini kwamba kwa Pasaka hatutaimba nyimbo za kuazima.

"Kila muntu alete wimbo yake," alisema.

Wenzangu walicheka, nami nikacheka nao. Halafu nikapanda basi kurudi nyumbani Ganshoren, na kabla sijashuka, sauti ya wimbo ilikuwa imeshanikaa kichwani. Maneno ndiyo yaliyonisumbua. Wiki mbili nzima nilikaa mezani jikoni nikirundika "Ewe Mfalme wa utukufu" na "Mwenyezi uketiye juu," mpaka karatasi ikafanana na kitabu cha ibada kilichonyeshewa mvua.

Wodini kwetu alikuwa amelazwa sista mmoja Mbelgiji, mtawa mzee sana, aliyefundisha wasichana kule Likasi, Kongo, kwa miaka mingi. Kiswahili chake cha Katanga kilikuwa kizuri kuliko cha watoto wangu. Asubuhi moja nilikuwa namwosha mgongo huku nikiimba chini chini.

"Iyo wimbo ni ya nani?" akauliza.

"Ni yangu, ma soeur."

"Bon. Imba yote."

Nikaimba. Alifumba macho, nikadhani anasali.

"Sauti iko muzuri," akasema. "Lakini maneno si yako. Asubuhi ukiamuka, Mungu unamwambiaka nini?"

Nikamjibu kweli tupu: "Namwambiaka, Baba, mugongo unaniuma, unisaidie nifike ku basi."

Alicheka mpaka maji ya sabuni yakamwagika kitandani.

"Njo iyo! Andika iyo!"

Nilikasirika kidogo, siwezi kuficha. Nilibadilisha shuka zile kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Lakini saa ya mapumziko nilichukua karatasi ya orodha ya vyakula vya wagonjwa, nikaigeuza, nikaandika: Baba, mgongo wangu unauma, nifikishe. Mstari wa pili ukaja wenyewe, na wa tatu. Kahawa ilipoa. Sikusikia sauti wala sikuona mwanga. Palikuwa na utulivu tu, kama mtu ameingia chumbani na hataki kukusumbua. Miaka yote nilikuwa nimesali kwa kuomba vitu. Siku ile nilisali kwa kutafuta neno, na nilipolipata nilishukuru kabla sijakumbuka kuomba chochote.

Mazoezini, maman alisoma karatasi yangu akiwa ameinua nyusi.

"Mugongo? Ndani ya kanisa? Donc, padiri atasema nini?"

Akina mama wa safu yangu, niliowaimbia mara moja tu, walikuwa wameshaanza kuimba. Wawili wao wanasafisha ofisi karibu na Porte de Namur, mmoja anapika katika shule. Hawakuhitaji kufundishwa kiitikio kile.

"Alors, tuimbe," maman akakubali. "Lakini pale pa mugongo, polepole, kwa heshima."

Pasaka ilipofika, heshima ilidumu ubeti mmoja. Mpiga ngoma alikimbia na mdundo, tenori wakaingia mapema, na mama mmoja mnene wa benchi la mbele akasimama kucheza, mkono mmoja juu, mwingine umeshika kiuno. Jirani yake akamwiga. Ubeti wa mwisho ulikuta nusu ya kanisa inacheza imeshika viuno, padiri akiwamo. Nilicheka huku machozi yananitoka, na nusu ya maneno yangu mwenyewe sikuyaimba.

Kesho yake nilimsikilizisha sista wimbo uliorekodiwa kwenye simu yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kidole kikipiga mdundo juu ya blanketi.

"Muliharakisha," akasema. Kisha: "Na ingine iko wapi?"

"Ingine gani, ma soeur?"

"Wimbo ingine. Unazania Mungu amechoka kusikia?"

Nilimwambia ukweli, kwamba sina. Ila tangu wiki ile naamka robo saa mapema, kabla watoto hawajaanza kugombania bafu, nakaa na kalamu. Siku nyingine hakiji kitu, nami nainuka nikakaange mayai.