Salamu Zilizokula Dakika

Saa mbili asubuhi, Bi Sauti anavaa spika za masikioni, anaegemeza kiti ukutani na kubonyeza ujumbe wa kwanza. Chumba chake kilikuwa stoo ya magodoro ya kituo cha afya. Leo kina meza, simu mbili za kazi na feni inayolalamika kuliko inavyopuliza.

"Ngoja kwanza," anamwambia mwandishi wa makala haya, kidole mdomoni. "Huyu analia."

Jina hilo la utani amebandikwa na wenzake. Ni muuguzi wa afya ya akili, mama wa watoto wawili, na wagonjwa wake wengi hajawahi kuwatia machoni. Wanamtumia ujumbe wa sauti kwa simu, naye huwajibu vivyo hivyo. Huduma ilipoanza walikuwa watu ishirini kwa siku. Sasa wanapita mia mbili, na wauguzi ni wanne tu. Daktari bingwa huja kituoni kila Alhamisi, na foleni yake, jamani, ni ya miezi mitatu.

"Watu walikuwepo siku zote, walikosa mlango tu," anasema. "Nani anataka jirani amwone kwenye benchi la wagonjwa wa akili? Hajafika nyumbani, ameshaitwa chizi."

Lakini mlango wa simu nao una kizingiti chake. Kila ujumbe hukatika ukifika dakika moja. Waliopanga hivyo walidhani dakika inamtosha mtu kueleza shida yake. Vijana inawatosha. Fundi haikumtosha hata kidogo.

Fundi ni seremala mzee aliyefiwa na mkewe. Binti yake ndiye aliyemuunganisha na huduma, baada ya kuona baba hali, halali, na karakana kaifunga. Ujumbe wake wa kwanza ulikuwa hivi: "Hujambo mwanangu? Habari za asubuhi? Za nyumbani? Watoto hawajambo? Baba yao je? Wazee wako wazima? Na wenzako hapo kazini? Haya, tunashukuru. Basi mwanangu, mimi..." Kimya. Dakika imekwisha.

Kesho yake, salamu. Keshokutwa, salamu.

"Nilicheka, sikufichi," anasema Bi Sauti. "Nikajua ni mzee mpweke, anatafuta wa kupiga naye soga. Namrudishia salamu zake, naenda kwa wengine."

Siku iliyofuata Fundi alisalimia mbiombio, anahema, na mwishoni akawahi kusema: "Mwanangu, naona bora nimfuate marehemu mama yao..." Ukakatika.

"Kicheko chote kiliniisha. Nilimpigia binti yake papo hapo, kwa haraka hata namba nikaikosea."

Binti alikimbia nyumbani. Akamkuta baba mzima, ameketi ukingoni mwa kitanda, simu mkononi.

Bi Sauti akamsihi Fundi aache salamu, aingie moja kwa moja kwenye jambo. Weee! Mzee alikasirika. "Niingie kwa mtu bila hodi? Nimekuwa mwizi?"

Basi muuguzi akaamua kuzibeba salamu yeye. Asubuhi iliyofuata alirekodi dakika nzima: habari za afya, za binti, za wajukuu, za majirani, hata msumeno akauulizia. Akamalizia: "Zote umeshaitikia, baba. Sasa nikaribishe tu."

"Karibu, mwanangu," Fundi akajibu. Halafu akasema, "Usiku naamka nimfunike shuka. Napapasa, hayupo." Sekunde zilizobaki alilia.

"Hapo ndipo matibabu yalipoanza," anasema Bi Sauti, na macho yake mwenyewe si makavu.

Wenye mitambo wameahidi kuirefusha hiyo dakika. Bado wanaahidi. Fundi sasa anakula kidogo, ila karakana hajaifungua, na muuguzi wake hapambi maneno: "Simu si dawa ya kila kitu. Huyu anahitaji daktari amwone kwa macho."

Mzee alikataa katakata, kisha akakubali kwa sharti moja: yeye Bi Sauti awepo getini. Daktari amekubali kumwona Alhamisi hii, nje ya foleni. Wauguzi wa simu hawatakiwi kuacha meza zao, lakini ameomba ruhusa. Mkubwa wake aliguna, hakukataa.

"Naogopa asije," anasema. "Hajui sura yangu, nami sijui yake. Nitasimama pale getini tangu asubuhi, nimsalimie kila mzee anayepita, mpaka mmoja aniitikie kwa sauti ninayoijua."