Kidonge Kisicho na Nyama

"Hii sukari ya vidonge iko na nyama ndani?" mama aliniuliza, na mimi, pamoja na diploma yangu ya chuo kikuu, nikamwambia nitakwenda kuuliza farmasi.

Mama anaugua sukari. Chai yake huitia kidonge cheupe kinacholeta utamu tu. Mimi nilikuwa nimeacha kila kitokacho kwa mnyama: nyama, samaki, mayai, maziwa, hata asali. Kwetu, mtaa wa Nguba, hata sombe, majani ya muhogo, hupikwa na sambaza, dagaa wa ziwani, kwa hiyo mama na mimi tulikuwa tumebakiwa na chai kavu tu, isiyo na maziwa, ya kunywa pamoja. Mama akaogopa kunipoteza hata pale.

Jumapili, baada ya misa, tonton, mjomba wangu aliye mdogo wa mama, alikuja kula na kunicheka; kabila letu ni la wafugaji wa ng'ombe.

"Mushi gani anakatala maziwa? Siku watakuleteya ng'ombe za mahari, utasema walete kabichi?"

"Hizo ng'ombe, tonton, si utakula weye?"

"Muache," mama akamwambia. "Mimi naye tuko na chai yetu."

Nilishuka farmasi nikiwa nimefura. Vidonge pale huuzwa kwa kuhesabiwa, vinatiwa katika kimfuko kisicho na maandishi. Nikauliza kwa neno la mama: kuna nyama ndani? Kwetu nyama ni ile ya sufuriani na pia ile inayotembea malishoni, neno ni moja. Muuzaji akasikia ile ya sufuriani.

"Nyama mu kidonge? Aah, dada, université imekuharibu kichwa!"

"Basi iko na nini? Boksi yake iko wapi?"

"Boksi utaikula?"

Watu waliokuwa nyuma yangu wakaangua kicheko. Hasira ile ninayo bado. Unameza kitu kila siku, na ukiuliza ni nini, wewe ndiye kichaa. Hakuna aliyemcheka yeye, aliyekuwa akiuza asichokijua.

Nilimwambia mama nilichoambiwa: hakuna nyama. Akafurahi, akanitilia kidonge yeye mwenyewe, na tukanywa hivyo jioni nyingi, huku tonton akiendelea na kabichi zake.

Baadaye sana, katika mji mwingine, niliona boksi yenyewe. Kinacholeta utamu kilitengenezwa maabara, hakikutoka kwa mnyama yeyote. Kilichokishikamanisha kiwe kidonge ni laktozi: sukari ya maziwa ya ng'ombe.