Ramani ya Nguruwe wa Lambwe

Dalmas Okeyo alikuwa mwosha masufuria. Wakala wa Nairobi alikuwa amemwahidi kazi ya ukarani wa stoo, lakini alipofika kwenye kambi ya jeshi nje ya Riyadh, mwanzoni mwa mwaka 2013, alikabidhiwa brashi ya chuma na aproni ya mpira, akaonyeshwa sinki. Masufuria ya pale yalikuwa makubwa kiasi kwamba mtu mzima angeweza kuchutama ndani, na wali ulioshika chini uling'ang'ania kama saruji. Nyumbani alikuwa amefundisha jiografia kwa miaka minne katika shule ya msingi, mwalimu asiye na barua ya ajira. Hakuna aliyemuuliza habari hizo huku.

Isipokuwa Hezron. Hezron Ouma alikuwa mmenya vitunguu, mwanamume wa miaka hamsini kasoro kidogo, mtulivu, mwenye mabega mapana na magoti mabovu. Siku ya kwanza ndiye aliyemwonyesha Dalmas namna ya kuliegemeza sufuria ukutani ili mgongo usimuume. Alipojua kijana huyu alikuwa mwalimu, akaanza kumwita mwalimu, na Dalmas naye akamwita jaduong', kama Wajaluo wanavyomwita mtu mzima wanayemheshimu. Kila jina hilo la mwalimu lilipotamkwa mle jikoni katikati ya mvuke na kelele za masufuria, Dalmas alijisikia kama mtu aliyetambuliwa.

Kwao Hezron ni bonde la Lambwe, magharibi mwa Kenya. Mkewe, Selipher, alikuwa akimpigia simu kila Ijumaa, siku ambayo wafanyakazi waliruhusiwa kubaki bwenini na simu zao, na kila Ijumaa habari ilikuwa moja. Nguruwe mwitu walikuwa wametoka tena kichakani. Walikuwa wamefukua mihogo, wamelaza mahindi, wamekula viazi vitamu mpaka majani. Msimu wa pili huo Selipher hakuvuna chochote cha maana.

"Wanahitaji kuwindwa mara moja, watu wengi, wakiwa na mbwa," Hezron alimwambia Dalmas. "Ukiwafukuza mmoja mmoja wanakuzoea tu. Baba yangu aliongoza msako mara mbili. Mimi nilikuwa mshika mbwa."

"Na sasa nani anajua kuongoza?"

"Mimi. Waliobaki ni vijana. Wanajua pikipiki."

Chifu alikuwa ameshazungumza na watu wa wanyamapori, na ruhusa ilikuwa imetoka. Mkataba wa Hezron ulikuwa unaisha mwisho wa Novemba. Akaomba watu wa kwao wamsubiri, msako ufanyike wiki ya pili ya Desemba. Kuanzia hapo, kila alasiri kati ya chakula cha mchana na matayarisho ya jioni, wawili hao waliketi kwenye kivuli cha tangi la maji nyuma ya stoo, wakapanga safari ya kuwinda.

Hezron alieleza, Dalmas akachora. Walitumia ubavu wa katoni ya mchele. Dalmas aliweka mto, kichaka, njia ya ng'ombe, ua wa shule. Aliweka misalaba mahali pa kusimama wenye mikuki, na alama za mishale kuonyesha wapiga madebe, wale wa kuwatimua nguruwe kwa kelele, wangetokea wapi. Mkono wake ulikuwa mzuri, na kwa miezi mingi haukuwa umeshika kalamu ila kusaini karatasi asizozielewa. Akaandika kwa herufi safi: *Kikosi cha kwanza kiingie upande wa mto, saa kumi na moja alfajiri. Kikosi cha pili kijifiche nyuma ya ua. Wakitoka, tuwamalizie hapa.* Juu kabisa akaandika: *Nguruwe*.

"Hii tutampelekea Dominic," Hezron alisema. Dominic alikuwa mwanawe wa kwanza, kijana wa miaka ishirini na minne aliyekuwa ameoa mwaka uliotangulia. "Aione, awaonyeshe wenzake. Asije akasimama mahali pabaya. Nguruwe dume akishajeruhiwa hakimbii, anarudi."

Lakini kupiga picha popote nje ya bweni kulikuwa marufuku, na kuibeba katoni hadi bwenini kungehitaji maelezo kwa askari wa mlangoni. Wakaificha nyuma ya magunia ya unga, wakingoja nafasi.

Ukaguzi ulifika kabla ya nafasi hiyo. Ilikuwa mwishoni mwa Septemba, saa sita mchana, jiko zima likiwa mbioni. Mtu mmoja alihamisha magunia kutafuta panya, katoni ikaanguka. Baada ya robo saa wafanyakazi wote kumi na wanne walikuwa wamepangwa mstari uani, juani, na afisa mwembamba aliyevaa miwani alikuwa amesimama mbele yao akiwa na ile katoni mkononi. Kando yake alikuwa Idris, mtunza stoo, Msudani aliyeishi Mombasa miaka kadhaa na aliyejua Kiswahili vizuri. Aliambiwa asome.

Idris alisoma taratibu, akitafsiri neno kwa neno. Vikosi. Alfajiri. Ua. Tuwamalizie. Dalmas alisikiliza maneno yake mwenyewe yakigeuka Kiarabu na kuona uso wa afisa ukibadilika. Alipofika kwenye lile neno la juu, Idris alisita, kisha akalisema kwa sauti ya chini.

Afisa aliuliza kitu. Idris akageuka.

"Anasema, katika nchi hii hakuna nguruwe. Anauliza, nguruwe ni nani?"

Dalmas alielewa mara moja swali lile lilikuwa limebeba nini: afisa alidhani nguruwe ni wao, askari wa kambi. Alijua kwamba sentensi tatu tu zingetosha kueleza. Zingetoka kinywani mwake kwa Kiingereza kizuri kuliko cha mtu yeyote kwenye mstari ule. Ulimi ulikataa.

"Anauliza nani ameandika," Idris alisema.

Dalmas aliangalia ncha za viatu vyake vya mpira. Mama yake mzazi alimjia akilini, kisha chumba kisicho na dirisha, kisha mama yake tena. Alipoinua macho, Hezron alikuwa ameshatoka mstarini, magoti yake yakimkatalia, na amesimama hatua mbili mbele.

"Ni yangu," alisema kwa Kiswahili. "Ni kazi ya nyumbani."

Wakamchukua. Hakumtazama Dalmas, na Dalmas alishukuru kwamba hakumtazama. Shukrani hiyo ndiyo iliyomsumbua zaidi baadaye.

Siku tatu zilipita. Siku ya nne Idris alikuja kwenye sinki akajifanya anahesabu sabuni.

"Wameelewa," alisema. "Walimleta mtu aliyesoma Kenya, akawaeleza. Mmoja alicheka hata. Lakini aliyechora mpango ndani ya kambi hawezi kubaki kambini. Amerudishwa kwa kafili, yule mdhamini aliyewaleta, Jeddah. Halas, basi."

"Watampeleka nyumbani?"

"Watampeleka wapi kwingine?"

Dalmas alilishika jibu hilo kwa mikono miwili. Hezron angefika nyumbani mapema kuliko alivyotarajia. Angekuwapo Desemba, na mbwa wake, na watu wake. Alijiambia hivyo kila aliposugua sufuria, na wiki ya pili ya Desemba ilipofika aliwafikiria kwenye umande, wamejipanga kama alivyowachora. Alipiga namba ya Hezron mara mbili, haikupatikana. Mara ya tatu hakupiga.

Machi 2014 kampuni ilipoteza zabuni ya lile jiko, na kafili, ambaye alikuwa yuleyule wa wote, akawahamishia baadhi yao Jeddah. Dalmas alipata kazi kwenye ghala karibu na bandari, kubandika namba kwenye maboksi. Kazi ilikuwa nyepesi kuliko ile ya kwanza, joto lilikuwa baya zaidi. Hewa ya huko ililowa na kumshika mtu kifuani. Kitanda alikipata mtaa wa Karantina, katika chumba cha watu sita. Wenzake wakamwelekeza kwa Peris, mama Mkenya aliyekuwa ameacha kazi za ndani na sasa alipikia watu chapati na maharagwe chumbani kwake, mitaa miwili kutoka hapo.

Alienda Ijumaa mchana. Mlango ulikuwa wazi. Kwenye kibao karibu na jiko la gesi alikaa mwanamume aliyekonda, ameinamia beseni la vitunguu, na Dalmas alimtambua kwa mikono kabla ya uso.

"Jaduong'."

Hezron aliinua kichwa. Alimtazama muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka njia.

"Mwalimu," alisema. "Umekula?"

Dalmas alikaa sakafuni. Peris aliwaangalia wote wawili, akaweka sahani mbele ya mgeni, akatoka kwenda kuanika nguo ambazo zilikuwa zimeshaanikwa.

"Nilidhani umeenda nyumbani."

"Bado. Ikama yangu, kibali cha kuishi, iko kwa kafili. Anasema karatasi ya kutokea nchini inakuja. Ofisi inasema muulize kafili. Peris ananipa mahali pa kulala, namsaidia vitunguu." Alikata kimoja katikati. "Miezi sita sasa."

"Na ule msako?"

Kisu kilisimama. Nje mtu alikuwa akiburuta mtungi wa gesi, na Hezron alisubiri mpaka kelele ile ikapita.

"Walienda. Hawakuweza kunisubiri, ruhusa ilikuwa ya wiki moja tu. Dominic akasema ataongoza yeye, mahali pa baba yake. Mimi simu yangu walikuwa wameichukua kambini, nikasikia baadaye." Alizungumza polepole, bila kutetemeka. "Alisimama kwenye njia ya ng'ombe. Hapo hapasimamwi. Dume lilitoka na mkuki ubavuni, likamkata paja. Walimbeba kwa pikipiki. Hawakufika hospitali."

Dalmas aliona ile njia ya ng'ombe kama alivyoichora, mistari miwili iliyopinda, na jinsi alivyoacha nafasi tupu pale kwa sababu Hezron alimwambia paachwe patupu.

"Alizikwa Desemba ishirini," Hezron aliendelea. "Nilisikiliza kwa simu ya Peris. Mtu aliishika simu karibu na kaburi, nikasikia wanaimba. Halafu chaji ikaisha."

"Mimi ndiye niliyeandika," Dalmas alisema. "Nilisimama pale nikanyamaza. Ningesema, wangenichukua mimi, nawe ungeenda kwa wakati wako. Dominic angekuwa hai."

Hezron aliweka kisu juu ya kibao.

"Usinifanye mtu mzuri, mwalimu. Nilitoka kwenye mstari kwa sababu yangu. Nilifikiri watanifukuza. Nilisema moyoni, wakinifukuza leo, Oktoba niko nyumbani, na magoti haya yatapumzika. Nilikuwa na hamu hiyo hata kabla afisa hajauliza." Alikohoa. "Kwa hiyo ukitafuta wa kumlaumu, tuko wawili. Na mimi ndiye baba yake."

Dalmas alichukua kisu cha pili akamenya vitunguu mpaka beseni likajaa.

Baada ya hapo alianza kuandika barua za kumwombea Hezron karatasi ya kutokea. Aliandika kwa kafili, kwa ubalozi, kwa ofisi ya kazi, kwa Kiingereza cha kishule, kila moja na nakala yake, na Idris, aliyekuwa bado Riyadh na akipokea simu zake, akamsaidia kuzitafsiri kwa Kiarabu. Majibu yalikuwa mafi mudir, meneja hayupo, rudi kesho kutwa. Kila siku ya mapumziko alienda kusimama kwenye madirisha ya ofisi badala ya kulala. Hakufanya hivyo kwa wema. Hakuweza kukaa chumbani. Mwezi wa Agosti karatasi ilitoka, bila maelezo, kama ilivyozuiwa bila maelezo.

Hezron aliondoka na mfuko mmoja. Walipeana mikono kwenye lango la uwanja wa ndege, na mzee akasema tu, "Mwalimu, kunywa maji. Huku joto linaua." Kisha akaingia, hakugeuka.

Baada ya wiki sita simu ya Dalmas ililia ghalani. Ilikuwa namba ya Kenya, na aliyesema alikuwa mwanamke.

"Wewe ndiye mwalimu? Mimi ni Selipher."

"Ndiyo, mama. Habari za huko?"

"Tupo. Amefika salama. Anakaa nje asubuhi mpaka jioni, ameelekea kaburini. Haongei. Nikimuuliza habari za Saudia anasema muulize mwalimu." "Kwa hiyo nakuuliza. Kuna kitu walimfanyia?"

Msimamizi wa ghala alikuwa amesimama mlangoni, akipiga piga saa yake kwa kidole. Yalla, haraka, alikuwa akisema bila sauti. Dalmas alimpa mgongo.

"Kuna kitu mimi nilimfanyia, mama," alisema, na akaanza kumweleza.

Selipher alisikiliza hadi mwisho. Hakulia wala hakumkatiza. Dalmas alipomaliza, alisema asante kwa kumwambia, kwa sauti isiyo na joto wala baridi, akakata simu. Hakupiga tena. Dalmas alikatwa siku moja ya mshahara kwa kuzungumza kazini, na mkataba wake ulipoisha alisaini mwingine wa miaka miwili, kwa kuwa akirudi nyumbani angepaswa kwenda Lambwe kutoa pole, na hakujua angefika kwa uso gani.